Mzee Adriano Atiman wa Karema

Katika mji wa Sumbawanga ni nadra siku kupita bila kumsikia mtu akisema, "Nakwenda Atiman." Mmoja ampeleka mtoto mwenye homa, mwingine achukua uji wa mgonjwa, na mwingine, kwa bahati mbaya, aenda kuchukua maiti ya nduguye. Hospitali ile ya Kanisa Katoliki yaitwa kwa jina la Daktari Atiman, na jina lenyewe limezoeleka mno hata limekuwa kama jina la mtaa. Lakini tulipowauliza wenzetu watatu, makarani waliosoma na kushinda mitihani, huyo Atiman alikuwa nani, wa kwanza alijibu kuwa alikuwa daktari Mzungu. Wa pili alisema kwa jinsi jina lisikikavyo hapana shaka alikuwa Mwarabu. Na wa tatu alidhani ni jina la dawa. Tulicheka, kisha tukaona haya, maana mhariri mwenyewe hakujua zaidi ya yule wa kwanza mpaka alipokwenda kutafuta.

Kwa sababu hiyo twawaomba wasomaji wetu watupe ruhusa, kwa toleo hili moja, tuziache habari za mishahara na za nyumba za watumishi. Tumezisema mara nyingi na tutazisema tena. Safari hii twapenda kumkumbuka mzee mmoja aliyetumika mahali pamoja muda wa miaka ipatayo 67, akaoa, akalea, akazeeka na kuzikwa katika nchi ambayo si kwao.

Adriano Atiman hakuwa Mzungu wala Mwarabu. Alizaliwa kadiri ya mwaka wa 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Angali mtoto alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa miongoni mwa bidhaa, hata akafika upande wa kusini wa Algeria. Huko mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu huwaita Mapadri Weupe, walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa, nao wakamnunua wakampa uhuru wake. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo kumi. Msomaji aliye na mtoto wa kiume wa umri huo na amtazame leo jioni anapokula, apate kufahamu ni kitu gani kilichochukuliwa katika nyumba ile ya Tundurma.

Mkuu wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri lake. Alitaka vijana wa Kiafrika waliokombolewa wafundishwe utabibu, kisha warudi barani wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, kwa kuwa aliona Wazungu wakifa upesi kwa homa, na ya kuwa mgonjwa humsikiliza mtu afananaye naye. Chuo chao kilifunguliwa katika kisiwa cha Malta mwaka wa 1881, na vijana wakapata masomo ya uganga katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Shauri lenyewe halikudumu, maana chuo kilifungwa kabla karne ile haijaisha. Lakini Atiman alikuwa amekwisha kuhitimu. Mwaka wa 1888 aliingia katika msafara wa mapadri, wakapita Unguja, wakashika njia ya bara kwa miguu pamoja na wachukuzi, mpaka Ziwa Tanganyika.

Yafaa tueleze kidogo Karema ni mahali gani, kwa ajili ya wenzetu waliohamishiwa huku kutoka pwani. Ipo ufukoni mwa ziwa, upande wa kaskazini wa Ufipa, na leo imo katika Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka wa 2012. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji mwaka wa 1879 kwa niaba ya shirika la Mfalme Leopold, na mwaka wa 1885 wakawaachia mapadri. Kutoka huko dini ile ilipanda mlima mpaka kwetu, na jimbo zima lilijulikana kwa jina la Karema hata mwaka wa 1969, lilipoitwa Jimbo la Sumbawanga. Kwa hiyo jina la Atiman katika hospitali ya mjini kwetu halikuja kwa nasibu. Sisi wa juu tu wajukuu wa Karema, tupende tusipende.

Alipofika, biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma katika ziwa. Ng'ambo, upande wa Kongo, alikuwako Kapteni Léopold Joubert, askari mkongwe aliyempigania Papa huko Italia, aliyekuja kuvilinda vijiji vya Mpala kwa bunduki. Naye alioa mwanamke wa Kiafrika, wakazaa watoto, asirudi Ufaransa, akafa huko huko mwaka wa 1927 akiwa na miaka 85. Mzee huyo naye angestahili tahariri yake mwenyewe, na huenda siku moja tukamwandikia. Twamtaja hapa kwa kuwa watu wa ziwa waliwaona wageni wawili kwa wakati mmoja, mmoja akiwatetea kwa silaha na mwingine akiwafunga vidonda, na wote wawili wakawa wakwe wa nchi.

Sasa na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Mtumishi wa Serikali hulazimika kustaafu afikapo miaka 60. Atiman alipofikia umri huo ulikuwa mwaka wa 1926 au karibu yake, naye alikuwa bado na miaka ipatayo thelathini ya kuishi na kutumika. Alifariki mwaka wa 1956, akiwa na umri upatao miaka 90, hapo hapo Karema.

Katika miaka hiyo Serikali zilibadilika kama misimu. Alipowasili, bendera ya Wajerumani ilikuwa haijapandishwa kando ya ziwa. Ikapandishwa. Mwaka wa 1916 ikashushwa. Waingereza waliingia Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, katika mwezi wa Juni, na Wabelgiji wakavuka ziwa kutoka Kongo. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, isichukuliwe na adui; Waingereza wakaiibua, na mwaka wa 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Karani wa zamani zile alijifunza Kijerumani ili apate kazi, kisha akaona Kijerumani chake kimekuwa takataka, akaanza Kiingereza. Lakini mgonjwa wa malale hakuulizwa ni mgonjwa wa Serikali ipi. Malale yaliwaua watu wengi kando ya ziwa katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini, hata Wajerumani wakafungua kambi za wagonjwa na kuwahamisha watu kutoka ufukoni. Kulikuwa na ndui, kulikuwa na homa ya papasi, na mwaka wa 1918 ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Nyakati hizo zote katika Karema mlikuwa na daktari Mwafrika aliyesomea Malta, na mlango wake ulikuwa ni ule ule.

Hapa twapenda kusema neno juu ya uhamisho. Wasomaji wetu wajua jinsi mtumishi apangiwapo Sumbawanga aonavyo kana kwamba amehukumiwa. Huambiwa habari za baridi, huambiwa habari za umbali, na asiyekosekana ni yule wa kumwambia kuwa jina la mji lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", kwa hiyo ajihadhari. Mtumishi hufika, na kabla hajafungua masanduku yake yote amekwisha kuandika barua ya kuomba kurudishwa. Hatuwalaumu. Wengi huacha wake na watoto mbali, na mshahara mmoja hulisha nyumba mbili. Lakini imetupasa kustaajabu tunapomwona mtu aliyeletwa kutoka mbali zaidi ya mtumishi ye yote, ambaye njia iliyomleta haikumrudisha kwao, naye akafanya jambo ambalo sisi tulio na kwetu twashindwa kulifanya. Alikubali kuwa mtu wa mahali alipo.

Alifanyaje? Jibu letu ni kwamba alioa. Mke wake aliitwa Agnes Wansabira, mwanamke wa Kibende, na Wabende ndio wenyeji wa nchi zile za kando ya ziwa. Mgeni akiwa peke yake, hata akiwa na elimu kama ya Atiman, atabaki kuitwa "yule wa misioni". Akioa, siku ile ile apata baba mkwe, mama mkwe na mashemeji, na watu wa kumkaripia akikosa. Apata pa kwenda kulia msiba. Nchi hizi zawajua wageni wa namna hiyo tangu kale, maana hata watawala wa Kitwa wa Ufipa husimuliwa na wazee kuwa walitoka mbali wakaikuta Milansi na wenyewe. Mtoto aliyetekwa mchangani, asiye na ukoo upande huu wa bara, alijijengea ukoo kwa njia ya ndoa, na nyumba hiyo hakuiacha.

Na katika nyumba hiyo lilitokea jambo lililotufanya tuandike tahariri hii. Mwana wao, Joseph, alitaka kuwa padri. Wazazi wakamwachia, na mwaka wa 1923 akapewa upadri, miongoni mwa mapadri wa kwanza wa Kiafrika katika upande huu wa nchi. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Kwa desturi zetu mwana ni daraja. Kwa huyo baba huvuka kwenda kwa wajukuu, na asiye na wajukuu husemwa kuwa moto wake umezimika. Mtu mwenye ukoo mpana aweza kumtoa mwana mmoja asione upungufu. Atiman alikatwa na baba zake upande wa nyuma, na sasa aliombwa kutoa kwa hiari upande wa mbele, yaani wajukuu ambao Joseph angemzalia. Twasikia mara nyingi mtu akisifiwa kuwa aliipenda jamaa yake kwa kuwa alikusanya, alijenga, aliwashika wanawe karibu naye. Huyu aliipenda jamaa yake kwa kumwachilia mtu. Mwandishi wa maneno haya ana watoto, na akisema kweli hajui kama angeweza.

Wako watakaotuuliza, kwa nini gazeti la watumishi wa Serikali limsifu mtu ambaye hakupata kuwa mtumishi wa Serikali, mtu wa misioni, aliyefanya kazi bila ngazi za mshahara, bila kamati ya wafanyakazi na bila haki ya kudai? Tena wataongeza kuwa mabwana hupenda sana kutuonyesha mifano ya watu wavumilivu, ili tusiombe nyongeza. Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Uvumilivu wa Atiman usitumiwe na mtu ye yote kuwa hoja ya kumnyima mganga wa zahanati ujira wake. Yeye alichagua, na aliyechagua haifai afanywe fimbo ya kuwapigia wasiochagua. Sisi twamsifu kwa jambo jingine, ambalo lahusu kalamu.

Twajuaje habari hizi zote? Kwa kuwa mzee mwenyewe alizisimulia. Mwaka wa 1946, akiwa na umri upatao miaka 80, habari za maisha yake kwa maneno yake mwenyewe zilitolewa katika gazeti la Tanganyika Notes and Records. Alitaja alikozaliwa, alivyotekwa, njia aliyopita. Mtoto ambaye wafanya biashara walimhesabu kwa bei yake alirudi baada ya miaka sabini akajihesabu mwenyewe kwa jina lake. Na hapo twakumbuka kuwa Martin Kayamba, aliyeanzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika huko Tanga mwaka wa 1922, ambacho ni babu wa vyama vyote vya namna hii katika nchi yetu, naye aliandika maisha yake. Yalitolewa mwaka wa 1936 katika kitabu cha Ten Africans, kilichotengenezwa na bibi mmoja wa Kiingereza, Margery Perham. Hao wawili waliona mapema kwamba mtu asipojiandika ataandikwa na wengine, au hataandikwa kabisa.

Wengi hawakuandikwa. Katika vita ya 1914 hadi 1918 wanaume wa bara hili walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kuwa wachukuzi wa mizigo ya majeshi, na wengi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko waliokufa kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka wa 1927 yawakumbusha askari pamoja na wachukuzi, nayo ni sanamu nzuri, lakini haina jina la mchukuzi hata mmoja. Katika vita ya pili vijana wetu wa King's African Rifles walipelekwa hata Burma. Walirudi wakilima ulezi na kulea watoto, wakazeeka wakiitwa "keya", na wajukuu wao hawajui hata walipanda meli wapi.

Sasa mwandishi ataungama jambo lake. Miaka kadha iliyopita alikuwa akikaa dirishani katika ofisi moja, ambayo jina lake halina haja hapa. Alikuja mama mmoja mzee, mjane wa tarishi, kutaka haki za marehemu mumewe. Nilimwamkia, naye akaitikia vizuri. Nikamwomba barua ya kwanza ya kuajiriwa. Hakuwa nayo. Nikamwuliza mumewe aliingia kazini lini.

"Ni mwaka ule nilipomzaa mtoto wetu wa pili, mwanangu."

"Mama, hapa yatakiwa tarehe."

"Tarehe alikuwa nayo mwenyewe," akasema, "naye tumekwisha kumzika."

Faili la marehemu halikuonekana. Mtu aliyechukua mafaili ya watu wengine kutoka meza hadi meza maisha yake yote, faili lake mwenyewe halikuwa na aliyejua lilipo. Nilimwambia arudi. Alirudi mara ya pili, nami nikamwambia arudi tena, kwa sauti ile tuijuayo sote, sauti ya mtu atazamaye saa ya ukutani. Mara ya tatu alikuja na mzee mmoja mstaafu aliyepata kufanya kazi pamoja na marehemu, na kwa kumbukumbu za mzee huyo tukaweza kuanza. Shauri lilikwisha baada ya muda mrefu. Lakini tangu siku ile sikuweza kuisahau ile sauti yangu mwenyewe. Sisi huandika barua za kila mtu, twaandika hati za mashamba, hukumu, orodha za kodi, na kumbe nyumbani kwetu hamna karatasi hata moja isemayo baba alianza kazi mwaka gani, alitumika wapi, alimwoa mama wapi, na alipata makovu yale katika jambo gani.

Basi halmashauri ya tawi imekubali mambo mawili. La kwanza ni la nyumbani. Kila mwanachama aandike katika karatasi moja siku aliyoajiriwa, namba yake ya kazi, vituo vyote alivyopata kukaa na majina ya watoto wake, akiambatanishe na nakala ya barua yake ya kwanza, kisha ampe mkewe, au mumewe kwa wale dada zetu walio kazini. Asiifungie katika meza ya ofisi, maana siku atakapohitajiwa ufunguo ataondoka nao. Tumesikia kuwa baadhi ya wanachama huona uzito kuwaonyesha wake zao karatasi za mshahara. Shauri hilo tutaliacha kwa wenyewe, ila mjane yule hatukumwona yeye peke yake dirishani.

La pili ni la gazeti hili. Kuanzia toleo lijalo ukurasa mmoja utatengwa kwa habari za maisha ya wazee wa nchi hii, wawe wastaafu wa Serikali, askari wa zamani, wakunga, wafua chuma waliopata kuona tanuru za kuyeyushia za Kifipa zikifanya kazi au waliosimuliwa na baba zao, makatekista, au wakulima tu. Aandikwe mzee angali hai, na aliyekufa aandikwe na wanaomjua. Asisifiwe kupita kiasi. Twataka aliyoyafanya, mwaka, mahali, na nyumba yake. Habari iandikwe upande mmoja wa karatasi, kwa mwandiko unaosomeka, kwa sababu mwenzetu apigaye stensili macho yake si mazuri na mafuta ya taa ni ghali. Wanaotaka kuandika kwa Kifipa na waandike, tutafasiri. Hatuna fedha za kumlipa mwandishi. Karatasi zilizopo zatosha matoleo manne, na baada ya hapo itatubidi kuwaomba wanachama mchango, jambo ambalo mtunza fedha ameomba tulitaje mapema ili lisiwashtue.

Mjane wa tarishi tulimwendea Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, bila dirisha kati yetu. Alisimulia toka saa nne hata saa nane, nasi tukiandika. Habari zake ni kurasa tatu na nusu, nazo ndizo zitakazotangulia.